Mufuko unalala wapi?

Mchimbaji akitoka shimoni na kasiterite yake, ku nyumba banafikiri makuta iko karibu. Bado. Jiwe litatwangwa, litaoshwa, litabebwa, litapimwa, na kati ya kazi na kazi litalala.

Kwa Toyota, kule Japani, walizoea kuchora njia nzima ya namna hiyo kwenye karatasi moja. Mwaka 1998, Marekani, Mike Rother na John Shook waliiandikia kitabu, na leo hata watengenezaji wa programu za kompyuta wanaitumia. Kila kazi ni kisanduku; chini yake saa za kufanya na saa za kungoja. Mara nyingi za kungoja ndizo nyingi.

Tuchore yetu. Chukua Kalimbi, kule Nyabibwe katika Kalehe, vile ilikuwa etiketi zilipofika mwaka 2012. Shimo, kutwanga, kuosha. Ajenti wa serikali anapima mufuko, anafunga etiketi ya kwanza, anaandika kitabuni. Negosia ananunua, etiketi ya pili, kamio mpaka Bukavu, kontuari inapima kiwango cha bati. Kufunga etiketi ni dakika chache. Lakini ajenti asipofika, ao etiketi zikiisha, mufuko unakaa. Mvua ikikata barabara, unakaa tena.

Kungoja kunakula makuta. Mama anakopa unga. Papa anachukua avansi kwa negosia, na mwenye kutoa avansi ndiye anasema bei. Hasara hiyo haina risiti, ndiyo maana hakuna anayeihesabu.

Basi, nyinyi wa koperative, chukueni karatasi na kalamu ya risasi. Anzieni Bukavu, mrudi nyuma mpaka shimoni. Fuateni mufuko mmoja wenyewe, muandike mlichoona, si kile chefu anasema kinafanyikaka. Tuseme mmekuta siku 2 za kazi na siku 11 za kungoja. Kumwambia mchimbaji achimbe mbio kutaongeza tu mifuko kwenye rundo, tena kutamsukuma chini zaidi bila miti ya kushikilia shimo. Afazali kuuliza: ajenti anaweza kuja siku moja inayojulikana kila juma? Koperative mbili zinaweza kuchangia kamio?

Halafu, baada ya mwezi, choreni tena. Siku 11 zikibaki 11, mlitengeneza mahali ambapo mufuko haukuwa unalala.