Bawasiri: Ugonjwa Tunaouficha Bure

Ndugu msomaji, leo nataka kusema nawe juu ya ugonjwa ambao wengi wanao, lakini hakuna autajaye. Homa twaitaja, jino twalitaja, mguu ukivimba twauonyesha kwa kila mpita njia. Lakini mtu akitokwa damu anapokwenda choo, hunyamaza. Kwetu Tarime na Serengeti haya ni nyingi: baba hawezi kutaja sehemu hizo mbele ya watoto, mama hawezi mbele ya mkwewe, na kijana huona heri ateseke mwaka mzima kuliko kumwambia muuguzi. Ugonjwa huo ni bawasiri. Usione vibaya kuusoma katika gazeti la nyumbani, maana Mungu aliyeliumba jicho ndiye aliyeiumba na sehemu hiyo.

Mimi nami niliuficha. Kazi yangu ya ukarani wa parokia ni kazi ya kukaa: vyeti vya ubatizo, daftari la zaka, barua za ndoa. Asubuhi chai na maandazi mawili, mchana ugali wa sembe na dagaa, na maji kidogo sana, kwa kuwa nilikuwa mvivu wa kutoka ofisini. Choo kikawa kigumu kama kokoto. Siku moja nikaona damu, nikajiambia kwamba itakoma. Haikukoma. Ikafika hali ya kusimama Misa nzima ya Jumapili, nyuma penye nguzo, kwa kuwa benchi lilinishinda. Mzee mmoja akanikemea kwamba nimepata kiburi, sitaki kuketi na wenzangu, nami nikaona haya kumjibu. Mnadani nikanunua unga mweusi, muuzaji akiapa kwamba utakausha kila kitu kwa siku tatu. Ulinichoma hata nikalia kama mtoto, na juma zima nililala kifudifudi.

Mwisho nikaenda zahanati. Muuguzi wa pale ni mama mtu mzima, wa umri wa mama yangu. Nikamwamkia, nikainamisha kichwa, nikamwambia. Hakucheka wala hakushangaa. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, unakula nini?"

Basi haya ninayokuandikia ni yale aliyonifundisha, pamoja na niliyosoma baadaye, maana mimi si mganga.

Mwisho wa utumbo, karibu na njia ya haja kubwa, kila mtu ana mafundo laini ya mishipa ya damu. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia vizuri. Mtu akijikamua sana kila siku, damu hujaa humo, mafundo hufura na kulegea, na hiyo ndiyo bawasiri. Ikiwa ya ndani, mara nyingi hakuna maumivu. Utaona damu nyekundu ikidondoka, na pengine kinyama hutokeza kisha hurudi. Ikiwa ya nje, kuna uvimbe, kuwasha na kuuma. Damu ikiganda ndani ya uvimbe huo, unakuwa wa rangi ya zambarau na unauma ghafla kwa ukali. Hapo wahi hospitali katika siku mbili tatu za kwanza, kwa sababu mganga anaweza kuitoa ile damu ukapata nafuu. Bawasiri si uchawi. Si ugonjwa wa zinaa pia, ingawa watu hunong'ona hivyo.

Sasa nikueleze habari ya mganga mmoja aliyejifunza mambo haya hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Aliitwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland, Mprotestanti mwenye kusali sana, mwenye jicho moja tu, kwa kuwa la pili alilipoteza utotoni. Alifika Uganda mwaka 1946, akapasua wagonjwa Lira, na baadaye hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kama kilometa 16,000, wakapita na Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao hata leo unaitwa kwa jina lake. Baadaye akawaandikia waganga wa hospitali nyingi za vijijini, nyingine za misheni, akiwauliza wanaona magonjwa gani. Majibu yalimshangaza: bawasiri, iliyowatesa watu wengi kule Ulaya, ilionekana kwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika.

Kwa nini? Yeye na wenzake hawakuona haya kupima hata choo. Mwaka 1972 walitangaza kwamba wanavijiji wa Uganda walitoa choo cha gramu kama 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa kama 36. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 104 tu, na chakula chao kilichukua saa 83. Tofauti ilikuwa makapi ya chakula, ambayo shuleni leo yanaitwa nyuzinyuzi. Makapi hayameng'enywi, hunyonya maji, hulainisha choo, nacho hupita bila kukamuliwa. Si kila alilodhani Burkitt limethibitika, lakini hili la makapi limepimwa kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 2005 majaribio saba yaliwekwa pamoja, ikaonekana kwamba wagonjwa waliopewa makapi walipungukiwa na hatari ya kutokwa damu karibu nusu.

Sisi sasa twafanya nini? Twabeba mahindi hadi mashineni, twalipa fedha ili yakobolewe, pumba twawapa kuku na nguruwe, na nyumbani twarudi na weupe. Nguruwe hapati bawasiri! Mama mpendwa, saga dona. Ila mahindi yawe yamekauka vizuri, yasiyo na ukungu, maana ukungu una sumu. Ulezi na mtama wa wazee wetu ni bora kabisa, uwe uji au ugali, na unga wa muhogo mweupe uuchanganye na mmojawapo. Tena pika maharage au kunde mara nyingi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina nusu hivi ya makapi ambayo mtu mzima anahitaji kwa siku. Mboga usiifanye kuwa ya kuonjea: mchicha, mgagani, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele. Matunda ni mapera, papai, maembe, parachichi. Nayo milima ya Tarime haina njaa ya matunda, ni sisi tunayoyapeleka yote sokoni. Ongeza vyakula hivi polepole kwa majuma mawili, la sivyo tumbo litajaa hewa, nawe utanilaumu. Na maji unywe bilauri sita hadi nane kwa siku, hasa unapolima juani. Makapi bila maji hufanya choo kigumu zaidi.

Kanisa, ndugu zangu, limewakumbuka hata wagonjwa wa namna hii. Mtakatifu Fiacre, mtawa wa Ireland aliyehamia Ufaransa katika karne ya 7, ni msimamizi wao, na sikukuu yake ni tarehe 30 Agosti. Yeye huyo ni msimamizi wa watunza bustani pia, kwa kuwa alilima mboga kwa mikono yake na kuwapa maskini na wageni.

Juu ya choo chenyewe: nenda mara uonapo haja, usiizuie hadi umalize shamba. Choo chetu cha shimo, cha kuchuchumaa, ni kizuri, lakini usikae humo dakika nyingi ukijikamua, na simu uiache nyumbani. Kwa kujisafisha tumia maji. Gunzi la mahindi na karatasi ngumu ya daftari vinachubua. Vyafaa kuwashia moto.

Ikiwa umekwisha pata maumivu, tafuta beseni pana na safi. Tia maji ya uvuguvugu, uyajaribu kwa kiwiko kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga, kisha uketi humo dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya kutoka choo. Usitie sabuni wala dawa ya kuua wadudu. Jikaushe kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Kinyama kikitokeza, nawa mikono, paka kidole mafuta mazito, ukirudishe taratibu umelala ubavu. Kikikataa kurudi, usikilazimishe, nenda hospitali. Kwa maumivu meza parasetamo. Aspirini na diklofenaki huzidisha damu. Dawa za kupaka za duka la dawa usitumie kupita juma moja bila kuuliza. Na yule anayetaka kuikata kwa wembe, au kuichoma kwa unga kama ule niliopakwa mimi, mkimbie.

Mama mwenye mimba hupata bawasiri kwa urahisi, maana mtoto huibana mishipa, na vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kigumu. Usiviache vidonge! Mwambie muuguzi kliniki, ongeza mboga na maji, tumia beseni. Kwa wengi hupungua majuma machache baada ya kujifungua.

Sasa sikiliza vizuri. Si kila damu ni bawasiri. Huku karibu na Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, nacho huleta damu chooni. Kuhara damu nako huileta. Na hata saratani ya utumbo huanza hivyo hivyo. Damu isiyokoma baada ya juma moja la kujitunza, au nyingi mno, au nyeusi kama lami, au iliyochanganyika na choo pamoja na makamasi. Kukonda bila sababu. Choo kilichobadilika desturi yake kwa majuma. Kizunguzungu na moyo kwenda mbio kwa kupungukiwa damu. Maumivu yenye homa: hayo yote yataka mganga upesi. Mtu wa miaka 40 na zaidi anayeona damu kwa mara ya kwanza asingoje. Mtoto mdogo vilevile apelekwe, maana kwake bawasiri ni nadra. Na bawasiri iliyokomaa ina tiba: waganga huifunga shingoni kwa mpira mdogo, ikanyauka na kuanguka yenyewe, au huipasua.

Ukifika kwa mganga usiseme "tumbo linaniuma". Wengi husema hivyo kwa haya, wakarudi nyumbani na dawa za minyoo. Sema: natokwa damu nikienda haja kubwa, tangu siku fulani, rangi yake ni hii, na kuna au hakuna kinachotokeza. Atataka kukuangalia, na pengine kukupima kwa kidole kilichovaa mpira. Ni dakika chache tu. Mwanamume aweza kuomba aangaliwe na mwanamume mwenzake, na mama aweza kuomba muuguzi wa kike asimame karibu naye.