Chumba cha mitambo kinahitaji hewa kiasi gani?

OFISI nyingi za mijini zina chumba kidogo kilichojaa kompyuta za kuhifadhia taarifa, vifaa vya mawasiliano na betri za akiba. Joto likizidi humo, mitambo hujizima au huharibika kabla ya wakati wake, na huduma kwa wateja husimama. Hata hivyo, wengi hununua feni kwa kukisia, ilhali hesabu yake ni nyepesi.

Kwanza, ifahamike kuwa karibu umeme wote unaotumiwa na mitambo hiyo hugeuka kuwa joto. Mitambo inayotumia wati 3,000 hutoa joto la wati 3,000.

Pili, amua hewa iongezeke joto kwa nyuzi ngapi tangu inapoingia hadi inapotoka. Gawanya wati kwa nyuzi hizo, kisha zidisha kwa tatu. Jibu ni mita za ujazo za hewa zinazohitajika kwa saa. Kwa wati 3,000 na ongezeko la nyuzi 10 za Sentigredi, zinahitajika mita za ujazo 900. Ukitaka ongezeko la nyuzi 5 tu, kiasi hicho huwa maradufu, yaani 1,800.

Kanuni hiyo inafaa miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa. Nairobi, iliyo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi zaidi, hivyo inapasa kuongeza kiasi cha moja ya tano.

Aidha, kiwango kinachoandikwa kwenye feni mara nyingi ni cha hewa isiyo na kizuizi. Chujio, wavu na bomba hukipunguza, kwa hiyo ni busara kuchagua feni yenye uwezo zaidi.

Lakini feni haiwezi kukifanya chumba kiwe baridi kuliko nje. Chama cha wahandisi cha Marekani, ASHRAE, kinapendekeza hewa inayoingia katika kompyuta iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Mchana wa Januari, hewa ya Dar es Salaam huweza kufikia nyuzi 32. Hapo hata feni kubwa namna gani haitoshi. Kiyoyozi ni cha lazima. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, pima kwanza joto la hewa utakayoiingiza.