Hifadhi ya data katika vituo vingi

Hifadhi ya data katika vituo vingi ni mpangilio wa kutunza data ileile katika vituo vya data viwili au zaidi vilivyo mbalimbali, ili kituo kimoja kikizimika huduma iendelee kutolewa na kingine. Hutumiwa na benki, kampuni za simu na huduma kubwa za intaneti.

Upatikanaji wa huduma hupimwa kwa asilimia ya muda. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99.9 inaweza kuzimika kwa takriban saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Ile ya asilimia 99.999 ina nafasi ya dakika 5 na kidogo tu. Ni vigumu kwa jengo moja kufikia kiwango hicho cha pili, hata likiwa na jenereta na diski za akiba, kwa kuwa vyote hivyo vinaweza kuungua pamoja.

Hilo lilitokea usiku wa tarehe 10 Machi 2021 mjini Strasbourg, Ufaransa, ambapo moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud na kuharibu sehemu ya jengo jirani, SBG1. Majengo mengine mawili hayakuungua, lakini seva zake zilizimwa pia. Baadhi ya wateja walipoteza data zao kabisa, maana hata nakala zao za akiba zilikuwa mahali hapohapo.

Namna za kunakili

Katika unakilishaji wa papo kwa papo, kituo kikuu hakimjibu mtumiaji kwamba data imehifadhiwa mpaka kituo cha pili kikiri kuipokea. Hakuna kinachopotea, lakini kila badiliko husubiri safari ya kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban km 200,000 kwa sekunde. Hivyo umbali wa km 100 huongeza milisekunde 1 hivi, na km 4,000 huongeza 40. Kwa sababu hiyo namna hii hutumika zaidi kati ya vituo vya mji mmoja au miji jirani, ingawa mafuriko au tetemeko moja linaweza kuvifikia vyote.

Katika unakilishaji wa kuchelewa, kituo kikuu hujibu mara moja na kutuma nakala baadaye. Umbali si kikwazo tena, ila mabadiliko ya sekunde za mwisho hupotea kituo hicho kikianguka ghafla.

Nani awe mkuu

Tatizo gumu zaidi hutokea vituo vyote vikiwa vizima, ila mawasiliano kati yake yamekatika. Tarehe 21 Oktoba 2018, kazi ya matengenezo ilikata mtandao wa GitHub katika pwani ya mashariki ya Marekani kwa sekunde 43. Programu ya usimamizi ikahamishia ukuu kwa seva za pwani ya magharibi. Mtandao uliporudi, kila upande ulikuwa na mabadiliko ambayo mwenzake hakuwa nayo. Wahandisi waliamua kulinda data kwanza, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11.

Kinga ya kawaida ni akidi: vituo huwa vitatu au vitano, na uamuzi hupita kwa wingi wa kura. Kituo kilichotengwa peke yake hakiwezi kujitangaza mkuu. Hata hivyo, akidi ya kumchagua mkuu haitoshi ikiwa data yenyewe inanakiliwa kwa kuchelewa, kama ilivyokuwa GitHub. Kanuni za Paxos, ya Leslie Lamport, na Raft hudai kila badiliko pia likubaliwe na vituo vilivyo wengi. Hifadhidata ya Spanner ya Google hutumia Paxos.

Unakilishaji haujazi nafasi ya nakala za akiba. Faili likifutwa kwa makosa katika kituo kikuu, hufutwa na kwingine kote, na katika unakilishaji wa papo kwa papo hufutwa wakati uleule.