NWB kwenye kadi ya mwanao maana yake nini?

Mtoto amevunjika mguu, mmetoka naye KCMC, mmeshuka Kwa Sadala, na jirani anakwambia, "Mwache akanyage, mguu uzoee." Mzazi, kabla hujakubali soma kadi ya fiziotherapia. Ikiwa imeandikwa NWB, mguu huo haukanyagi chini kabisa, hata kwa safari ya chooni. PWB, anakanyaga kidogo tu, akitumia magongo. FWB, uzito wote ruksa. Alama # ni mfupa uliovunjika. Na 6/52 si tarehe wala dozi: ni wiki sita, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Vivyo hivyo 3/7 ni siku tatu, 2/12 miezi miwili. Mwandiko wa hospitali tunaujua wenyewe, basi mwombe mtaalamu akusomee kabla hujapanda daladala.