UPIMAJI WA VIRUSI VYA UKIMWI KWA WANANDOA: MTAZAMO WA WANANCHI WA CHUNYA NA MAFUNZO YAKE

Wilaya ya Chunya, iliyomo katika Mkoa wa Mbeya, ni miongoni mwa sehemu za Nyanda za Juu Kusini ambazo watu wake huingia na kutoka kwa wingi. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa tangu mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 maelfu ya wachimbaji walimiminika huko. Hadi leo wachimbaji wadogo wapo, wakulima wa tumbaku wapo, na wafugaji wanaohama na mifugo yao wapo. Mume aliyekwenda machimboni huweza kukaa miezi mingi mbali na mkewe. Hali hiyo ya maisha ndiyo inayolifanya suala la mume na mke kupima pamoja virusi vya UKIMWI kuwa zito katika wilaya hiyo.

Uzito huo unathibitishwa na takwimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016-17 ulionesha kuwa maambukizi kwa watu wazima Tanzania yalikuwa asilimia 4.7, ilhali Mkoa wa Mbeya ulikuwa na asilimia 9.3. Utafiti wa mwaka 2022-23 ulionesha asilimia 4.4 kwa taifa zima na asilimia 9.6 kwa Mbeya. Mikoa jirani ya Iringa na Njombe iko juu zaidi. Zanzibar iko chini ya asilimia 1, lakini watu wa Visiwani na wa Bara huoana, husafiri na hufanya biashara pamoja, hivyo yanayotokea Chunya hayawezi kuhesabiwa kuwa ni ya mbali.

KWA NINI WAWILI NA SI MMOJA

Wananchi wengi huamini kwamba majibu ya mke ndiyo majibu ya mume. Mke anapohudhuria kliniki ya wajawazito na kuambiwa kuwa hana virusi, mume naye hujiona amekwisha kupima. Imani hiyo si sahihi. Virusi haviambukizwi katika kila tendo la ndoa; uwezekano wa kuambukiza hutegemea zaidi wingi wa virusi katika damu ya mwenye maambukizi. Kwa sababu hiyo watu huweza kuishi katika ndoa miaka mingi, mmoja akiwa na virusi na mwenziwe akiwa hana.

Majibu yanayotofautiana huleta fadhaa kubwa nyumbani. Wapo wanaodhani kuwa vipimo vimekosea. Wapo wanaodai kuwa asiye na virusi ana damu ngumu isiyoweza kuambukizwa, na hivyo huacha kujikinga. Wapo pia wanaoyachukua majibu hayo kuwa ushahidi wa uzinifu, ingawa maambukizi huweza kuwa yalipatikana kabla ya ndoa. Kipimo huonesha kama virusi vipo au havipo. Hakioneshi vililetwa na nani wala vilikuja lini.

Mshauri nasaha anapokaa na mume na mke pamoja, huwaeleza mambo hayo kabla ya kupima, huwauliza kila mmoja kwa faragha kama ameridhika, na kisha huwapa majibu kwa wakati mmoja. Hapo mke habebi peke yake mzigo wa kwenda kueleza habari nyumbani. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu wa kuhimiza utaratibu huo.

MTAZAMO WA WANAUME

Utafiti uliofanywa Mkoa wa Mbeya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionesha jambo la kuzingatiwa. Wanaume wengi walikubali kwa maneno kwamba huduma za kumkinga mtoto dhidi ya virusi ni njema, lakini waliofika kliniki walikuwa wachache. Sababu zilizotajwa ni kukosa maelezo, kukosa nafasi, kuiona kliniki kuwa ni mahala pa wanawake, na hofu ya majibu.

Utafiti mwingine wa mkoa huohuo, uliochapishwa mwaka 2015, ulijaribu njia nyepesi: wajawazito walipewa barua rasmi za kuwaalika waume zao kliniki. Zaidi ya nusu ya wanawake hao walirudi wakiwa na waume zao, na wengi wa waliofika pamoja walikubali kupima. Inaonekana kuwa mwanamume aliyealikwa kwa heshima na ofisi ya afya huitika kwa wepesi kuliko yule aliyeombwa na mkewe peke yake, kwani ombi la mke huweza kufasiriwa kuwa ni tuhuma.

HOFU YA WANAWAKE

Kwa upande wa wanawake, hofu kubwa si ya sindano wala si ya ugonjwa wenyewe. Ni hofu ya kuachwa, kupigwa na kufukuzwa. Kwa kuwa mke ndiye hupimwa mwanzo anapokuwa mjamzito, ndiye pia anayetuhumiwa kuwa ameleta maradhi nyumbani. Hofu hiyo humfanya mwanamke afiche majibu, afiche dawa, au aache kabisa kuzitumia. Gharama yake humwangukia mtoto: bila ya dawa, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto ni baina ya asilimia 15 na 45, ilhali kwa matumizi mazuri ya dawa hushuka chini ya asilimia 5.

Kwa hiyo haifai kumlazimisha mwanamke aje na mume wake. Mjamzito anayerudishwa nyumbani kwa kuwa amekuja peke yake amenyimwa huduma kwa kosa lisilo lake. Wapo wajane, wapo walioachwa, na wapo ambao waume zao wako machimboni.

SHERIA INASEMAJE

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mjamzito pamoja na mume wake, au mwanamume mwenye mimba hiyo, wapewe ushauri nasaha na nafasi ya kupima kwa hiari. Kumlazimisha mtu kupima ni kosa, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa na sheria yenyewe, kama vile amri ya mahakama. Majibu ni siri. Hata hivyo, mtu anayejua kuwa ana virusi anawajibika kumwarifu mwenzi wake. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na yalishusha umri wa kupima bila ya idhini ya mzazi hadi miaka 15.

FAIDA ZILIZOTHIBITIKA

(a) Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam, Nairobi na Port of Spain kuanzia mwaka 1995 hadi 1998, kwa watu 3,120 na wenzi jozi 586, ulionesha kuwa waliopewa ushauri na kupimwa walipunguza mienendo ya hatari kuliko waliopewa maelezo ya afya tu.

(b) Mwaka 2011 ilithibitika, kwa uchunguzi wa wenzi jozi 1,763 katika nchi mbalimbali, kuwa dawa zikianzwa mapema hupunguza kwa asilimia 96 maambukizi kutoka kwa mwenye virusi kwenda kwa mwenziwe. Ndoa ya watu wenye majibu tofauti inaweza kuendelea kwa salama.

(c) Tarehe 14 Julai, 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, wakati wa kuzindua kampeni ya kitaifa. Kitendo hicho kiliwaonesha wananchi kuwa mume na mke kupima pamoja si aibu wala si tuhuma.

WAJIBU WA WATUMISHI NA WAKAAZI

Watumishi wa afya wanakumbushwa kutunza siri, kumpokea mwanamume kliniki kwa heshima, na kutomrudisha mwanamke aliyekuja peke yake. Watumishi wengine wa Serikali, hasa wale wanaohamishwa kikazi na kuziacha familia zao, wanashauriwa kupima pamoja na wenzi wao. Masheha, viongozi wa dini na wazee wanaombwa wasiyafanye majibu ya kipimo kuwa hukumu juu ya mwenendo wa mtu.

Wanaotarajia kuoana na waliokwisha kuoana wote wana haki ya kupima pamoja na kushauriwa pamoja. Mume asisubiri mkewe ashike mimba ndipo ajue hali yake. Majibu ya mke ni ya mke. Mume naye ana yake.