Kaye haiulizi dini

"Mama, bananirudisha juu ya kaye." Wamama wengi wa mitaa ya wachimbaji wanalijua neno hili. Mtoto ameondoka asubuhi, na mbele ya saa ine amekwisha kurudi. Kesho yake anakaa nyumbani. Siku ya tatu anafuata wakubwa zake ku machimbo, anasafisha mawe kwenye maji, na jioni anarudi na franka kidogo mkononi. Tangu siku ile, kumrudisha ku masomo ni kazi nguvu, maana amekwisha kuonja feza.

Ndiyo sababu tunawaambia, wababa na wamama: tusaidie masomo ile inapokea watoto wa maskini mtaani mwetu, hata kama jina lililoandikwa kwenye mlango si la kanisa letu.

Wengine wanasema: "Ile ni masomo ya Wakatoliki, wao wenyewe watajua." Lakini muingie kidogo ndani ya darasa. Kwenye benchi moja munakuta mtoto wa Mkatoliki, wa Mmetodiste, wa Mkimbangiste na wa Mwislamu. Baba zao wanashuka pamoja ndani ya shimo. Shimo likianguka, hakuna mtu anauliza mwenzake anasali wapi mbele ya kumtoa. Sasa watoto wao tuwatenge juu ya nini?

Sheria nayo iko wazi. Mwaka 1974 serikali ilikamata masomo za makanisa. Mwaka 1977 ilizirudisha kwa mapatano: makanisa yaongoze, serikali ilipe walimu. Katiba ya 2006, artikle 45, inasema mtu asikatazwe kusoma juu ya dini yake. Artikle 43 inasema masomo ya primeri ni ya bure, na tangu 2019 serikali ilianza kuitimiza. Lakini bure ile hailete kaye, wala iniforme, wala chakula cha saa sita.

Tufanye nini basi? Siku ya mshahara, kila jamaa ilete kaye moja zaidi ya zile za watoto wake. Fundi wa mbao atengeneze benchi zilizovunjika. Watu wa parokia, wa misioni na wa msikiti wakae pamoja na komite ya wazazi, waandike liste moja tu: nani anakosa nini. Na kila kinachoingia na kutoka kisomwe mbele ya wote, maana feza ya kificho inaleta maneno.

Tena, kuna feza ambayo si ya kuomba. Kode ya migodi iliyogeuzwa 2018 inalazimisha kampuni kutoa kila mwaka angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Wajumbe wetu wanakaa ndani ya komite inayoipanga. Tuwaulize: benchi na kaye za watoto zimeandikwa fasi gani?

Tusingojee mwaka mpya wa masomo. Mtoto aliyerudishwa leo juu ya kaye, kesho tutamkuta ku machimbo, na kaye ile ingeweza kutoka nyumbani kwetu.