Baridi ya Juni Hadi Agosti: Hamisha Samaki Mapema, Wala Usiwahamishe Wote

Kwa wakazi wa Nyeri wanaofuga samaki, miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo migumu zaidi katika mwaka. Mawingu hukaa hadi saa sita mchana, jua huonekana kwa nadra, na usiku katika maeneo ya Kieni joto la hewa huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mfugaji huamka asubuhi akakuta tilapia wameelea juu ya maji, na fedha alizotarajia kulipia karo ya muhula wa tatu zimeondoka nao.

Hasara hii inaweza kupunguzwa kwa mambo matatu: kupima joto la maji, kupunguza chakula, na kuhamishia ndani samaki wachache wenye thamani kubwa kabla baridi haijashika. Jambo la tatu ndilo linalokosewa mara nyingi. Wengi husubiri hadi Julai, samaki wakiwa tayari wamedhoofika, ndipo huwavua kwa wavu. Wakati huo kuwahamisha huwaua wengi kuliko baridi yenyewe.

Kwa nini tilapia huumia

Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Tilapia, ambaye pia huitwa ngege, ni samaki wa maji ya joto. Hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 26 na 30. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, hula kidogo na huacha kuzaana. Yakikaribia nyuzi 16, huacha kula kabisa. Yakifika kati ya nyuzi 10 na 12, huanza kufa.

Hata kabla ya kufika huko, baridi huondoa nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Samaki aliyekwaruzwa na wavu kwenye maji baridi hupata kuvu mweupe kama pamba kwenye ngozi na mapezi, na kidonda hicho hakiponi hadi joto lirudi.

Pima kwanza

Nunua kipimajoto cha maji. Pima mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, ukikizamisha kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Andika vipimo kwenye daftari. Hewa inaweza kuwa baridi kali huku maji ya kidimbwi chenye kina cha zaidi ya mita moja yakiwa bado na joto la kutosha. Kidimbwi kifupi au kidogo cha karatasi ya plastiki hupoa haraka zaidi.

Tumia kipimo cha jioni kuamua chakula. Maji yakiwa nyuzi 22 au zaidi, lisha kama kawaida. Yakiwa kati ya 18 na 22, toa nusu. Yakiwa chini ya 18, toa kidogo sana, na yakifika 16 usilishe kabisa. Lisha alasiri, maji yakiwa na joto zaidi. Chakula kisicholiwa huoza, hula hewa iliyo ndani ya maji na kuacha sumu. Samaki mzima anaweza kukaa majuma kadhaa bila chakula katika maji baridi, lakini hawezi kukaa usiku mmoja bila hewa.

Nani wa kuhamishwa, nani wa kubaki

Kidimbwi cha mita 300 za mraba, kama vile vilivyochimbwa kwa wingi chini ya mpango wa serikali ya kitaifa ulioanza mwaka wa 2009, huwekewa takriban vifaranga 1,000. Hakuna tangi la nyumbani linaloweza kuwabeba wote wakishakua. Kwa hiyo chagua.

Wahamishwe samaki wazazi, kwa sababu ndio mbegu ya mwaka ujao, pamoja na vifaranga wadogo ambao hawana akiba ya mafuta mwilini. Tilapia waliofikia uzito wa kuuzwa, wavue na uwauze mwishoni mwa Mei. Wa katikati wabaki kidimbwini, kikiwa kimefunikwa.

Kambare huvumilia baridi kuliko tilapia, ingawa naye hupunguza kula. Mwache nje, na usimchanganye na vifaranga ndani ya tangi kwa sababu atawala. Trauti, anayefugwa Kiganjo na kwingineko karibu na mito ya mlimani, hupenda maji baridi na hahitaji kuhamishwa.

Wenye vidimbwi vya mapambo mbele ya nyumba au hotelini huuliza kuhusu samaki wa dhahabu. Huyu ni jamaa ya kapu na huvumilia maji yenye baridi kuliko yoyote tunayopata hapa. Katika nchi zenye theluji, watu humwingiza ndani kwa sababu vidimbwi huganda. Hapa kwetu, kidimbwi chenye kina cha nusu mita au zaidi kinamtosha. Kumtoa humo na kumweka kwenye bakuli la kioo sebuleni ni kumpunguzia hewa na nafasi.

Kutayarisha tangi

Tangi liwe tayari juma moja kabla ya kuhamisha. Liweke ndani ya chumba chenye mwanga au ndani ya kivungulio, yaani nyumba ya karatasi ya plastiki kama ile ya kukuzia nyanya. Lisiwe limewahi kubeba dawa za mimea au mafuta.

Maji ya mfereji yana klorini inayoua samaki. Yaache kwenye chombo wazi kwa siku mbili, ukiyakoroga mara kwa mara. Maji ya mvua au ya kidimbwi chenyewe, yakiwa safi, ni bora zaidi.

Tangi la lita 1,000 lisilo na pampu ya hewa libebe kilo moja tu ya samaki. Likiwa na pampu, libebe hadi kilo tatu. Kwa mfano, samaki wazazi 12, majike tisa na madume matatu, wenye gramu 200 kila mmoja, wana uzito wa kilo 2.4 na wanatosha tangi moja lenye pampu. Kilo moja ya vifaranga wa gramu tano ni vifaranga 200. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu, kwa maji yenye joto linalolingana.

Umeme ukipotea, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, tena na tena, ili yachukue hewa.

Tahadhari: usiweke jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa ili kuwapasha samaki joto. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Usitumbukize kwenye tangi kifaa chochote cha umeme ambacho hakikutengenezewa kazi hiyo.

Siku ya kuhamisha

Hamisha mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, maji ya asubuhi yakiwa bado nyuzi 18 au zaidi. Usiwalishe samaki siku moja kabla. Fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Tumia wavu laini wa mkono, na ulowanishe mikono kabla ya kumshika samaki ili usimtoe ute unaolinda ngozi yake.

Wabebe kwenye ndoo yenye maji ya kidimbwi. Ukifika, pima maji ya ndoo na ya tangi. Tofauti ikizidi nyuzi mbili, ongeza maji ya tangi kwenye ndoo kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa au zaidi, hadi yalingane. Usimwage samaki kwa ghafla.

Mimea ya majini

Mimea hutoa hewa majini mchana jua likiwaka, lakini usiku huitumia. Siku za mawingu inatoa kidogo, na majani yaliyooza yanaimaliza zaidi. Ondoa majani ya manjano kila juma. Yungiyungi lililopandwa kwenye chungu lizamishwe sehemu yenye kina. Azola huweza kuhifadhiwa kwenye beseni karibu na dirisha ili uwe na mbegu baadaye.

Gugumaji usilitupe mtoni, wala samaki wa dhahabu usiowataka. Mito ya Chania na Gura hupeleka maji yake Tana, na kinachotupwa hapa huishia kwenye mabwawa yanayotegemewa na wengine. Lianike gugumaji juani hadi likauke kabisa, kisha ulitie kwenye mboji.

Ukiwa umechelewa

Ikiwa maji tayari yako chini ya nyuzi 16, usiwavue. Funika kidimbwi kwa karatasi angavu ya plastiki juu ya fito, ukiinua upande mmoja mchana ili hewa ipite. Usiongeze maji baridi ya mto bila sababu. Acha kulisha. Ukiona samaki wanapumulia juu ya maji alfajiri, hawana hewa: mwagia maji kutoka juu au uwashe pampu.

Ukiona kuvu mweupe, au samaki zaidi ya wachache wakifa kwa siku moja, mjulishe afisa wa uvuvi au afisa wa ugani wa wadi yako kabla ya kutia dawa yoyote majini. Mpelekee daftari la vipimo, kwani ndilo litakalomwonyesha tatizo lilianza lini. Samaki waliokufa wafukiwe mbali na mto. Wasiliwe wala wasiuzwe.

Kuwarudisha nje

Warudishe Septemba, maji ya asubuhi yakiwa yamefika nyuzi 18 kwa juma zima mfululizo. Siku moja ya jua haitoshi. Fuata hatua zilezile za kulinganisha maji, na uanze kulisha kwa nusu ya kipimo kwa siku tano za kwanza.